Maamuzi yangu yote yamekwenda wapi?

SWALI: Mhariri, nimeucheza mfululizo wa michezo ya video wa Dragon Age tangu toleo la kwanza, na kila lilipotoka jipya nilihamishia humo maamuzi niliyoyafanya katika yaliyotangulia. Toleo la nne, The Veilguard, limenivunja moyo kiasi kwamba nimeliacha njiani. Rafiki zangu wanasema ninang'ang'ania ya kale na kwamba mchezo wenyewe hauna kasoro. Je, kweli kuna kilichopotea, au ni mimi tu? Na je, inafaa niumalize?

JIBU: Si wewe tu, ndugu msomaji, ingawa rafiki zako nao hawajakosea kwa yote. The Veilguard, uliotoka tarehe 31 Oktoba 2024, miaka kumi baada ya toleo la tatu, Inquisition, ni mchezo uliotengenezwa kwa ufundi, wenye mandhari ya kupendeza na mapigano mepesi mkononi.

Kilichopotea ni kumbukumbu. Bila shaka unaukumbuka usiku wa kuamkia vita vya mwisho katika toleo la kwanza, Origins, la mwaka 2009, pale mchawi Morrigan, mmoja wa wenzako wa safari, anapokujia na pendekezo la ibada ya siri itakayomnusuru yule atakayemuua joka kuu, kwa malipo ya mtoto ambaye ataondoka naye. Miaka mitano baadaye, katika Inquisition, waliokubali walimkuta mtoto huyo, Kieran, amekuwa mvulana anayezungumza nao, ilhali wengine hadithi yao ilikwenda vingine. Katika The Veilguard, Morrigan yupo, anaongea sana, na mwanawe hamtaji hata mara moja. Mchezo hauwezi kumtaja, kwa sababu katika maamuzi yote ya matoleo matatu umebeba matatu tu, nayo yote ni ya Inquisition: mpenzi uliyemchagua, hatima ya jeshi uliloliongoza, na kiapo chako juu ya Solas, mwenzako wa zamani aliyegeuka mpinzani, kwamba utamzuia au utamwokoa. Kinachouma zaidi, kwa maoni yangu, ni zile barua zinazoletwa kutoka kusini, ambazo kwa aya chache tu zinaeleza jinsi nchi ulizozipigania kwa miaka zinavyoangamia huku wewe ukiwa mbali, kaskazini.

Watu hulitaja Dragon Age II la mwaka 2011 kuwa ndilo lililoanguka vibaya kuliko yote, na ni kweli kwamba lilitengenezwa kwa haraka, kiasi cha pango lile lile kutumiwa tena na tena, safari hii mlango huu umezibwa, safari nyingine ule. Hata hivyo lilikuwa likikumbuka ulichokifanya, na ndiyo maana wengi tulilisamehe.

Sababu haziko mbali. Mchezo huu uliwahi kugeuzwa katikati ya matengenezo ili uchezwe na watu wengi kwa pamoja mtandaoni, kisha ukarudishwa kuwa wa mchezaji mmoja, na sioni ajabu kwamba katika kupanga na kupangua huko historia ndiyo iliyotupwa kwanza. Wachapishaji wake, EA, walitangaza mapema mwaka 2025 kwamba ulikuwa umewafikia wachezaji wapatao milioni 1.5 katika robo hiyo ya mwaka, pungufu kwa karibu asilimia 50 ya walivyotarajia. Lakini idadi hiyo peke yake haithibitishi hoja yako wala yangu.

Kuhusu kuumaliza, ningekushauri usiamue kabla ya kuzingirwa kwa ngome ya Weisshaupt, kwani hapo ndipo uandishi unapopata uzito. Ukivuka hapo na bado moyo haujashikwa, uache bila majuto. Ukiamua kuendelea, maliza kwanza kazi za kila mwenzako wa safari katika mchezo kabla ya kuingia hatua ya mwisho, kwa kuwa hizo ndizo zinazochangia kuamua nani atatoka hai. Huko angalau uamuzi wako una matokeo.