Njia Imeandikwa "Rahisi", Mbona Nimefika Hoi? Maswali Yenu Kuhusu Matembezi ya Vilimani, Msituni na Kando ya Mto

Mmeuliza mengi kuhusu matembezi ya nusu siku: vilima visivyotisha, kipande cha msitu, njia inayofuata mto. Nimechagua maswali yaliyojirudia, pamoja na moja ambalo kwa kweli halihusu njia hata kidogo.

Swali: Kibao kilisema njia ni rahisi, kilomita 8. Barabarani mimi hutembea kilomita 5 kwa saa bila shida. Huko nilitumia saa tatu nzima na nikafika hoi. Je, nikamwone daktari?

Kama hukuumwa kifua wala kupata kizunguzungu, sidhani. Kasoro iko kwenye hesabu. Umbali unaoandikwa kwenye kibao mara nyingi hausemi lolote kuhusu kupanda, na kupanda ndiko kunakokula muda.

Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo watembeaji wanaitumia hadi leo. Kwa vipimo vya sasa ni hivi: weka saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa matembezi mafupi ni rahisi kukumbuka kwamba kila mita 100 za kupanda ni dakika 10 za ziada.

Sasa tuje kwenye vilima. Mlima mkubwa unauona tangu mbali, unajipanga. Vilima vina hila: unapanda mita 40, unazishuka zote, unaanza upya. Ukivuka sita vya namna hiyo umepanda mita 240, ingawa hakuna wakati ulipokuwa zaidi ya mita 40 juu ya pale ulipoanzia. Ingiza kwenye kanuni: kilomita 8 ni dakika 96, mita 240 ni dakika 24. Jumla saa 2 kamili. Na hizo ni saa 2 za mtu mwenye mazoezi, asiyesimama kunywa maji, kupiga picha wala kutoa kokoto kiatuni. Anayeanza mimi humwambia azidishe kwa moja na nusu. Zinatoka saa 3, yaani zile zile ulizotumia.

Kwa hiyo safari ijayo usiulize kilele kina urefu gani. Uliza jumla ya mita za kupanda tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiwa na ramani ya 1:25,000, kila sentimita 4 ni kilomita moja ardhini, na kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, zikibanana ni dalili ya mteremko mkali. Fuata njia yako kwa kidole, hesabu kila kontua unayoivuka ukipanda, kisha zidisha kwa idadi ya mita zinazotenganisha kontua mbili. Kazi ya dakika tano mezani, na inafaa kuliko neno "rahisi" lililoandikwa na mtu ambaye hujui magoti yake yana umri gani.

Swali: Kupanda sikuona taabu. Lakini siku ya pili yake mapaja yaliuma mpaka kushuka ngazi ikawa shida. Kwa nini?

Kwa sababu ulishuka. Unapoteremka, misuli ya mbele ya paja inajikaza huku ikirefuka ili kuuzuia mwili usiporomoke, na kazi ya aina hiyo ndiyo inayoacha majeraha madogo madogo kwenye nyuzi za misuli. Pumzi haikukati, kwa hiyo hujui kwamba unalipa. Maumivu huja kesho yake, mara nyingi hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, kisha hupungua yenyewe. Dawa ni kuteremka kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea kidogo, badala ya kukaza miguu na kujigonga chini kwa visigino. Fimbo mbili husaidia sana hapa, ukizirefusha kidogo kabla ya kuteremka. Habari njema ni kwamba misuli hujifunza haraka: mteremko ule ule wiki zijazo hautakuumiza kama mara ya kwanza.

Swali: Lazima ninunue buti nzito?

Kwa njia zinazozungumzwa hapa, hapana. Viatu vya kawaida vyenye soli yenye meno na visivyobana vinatosha. Pesa za buti bora uzitie kwenye soksi: za sufu au nyuzi za kutengenezwa, si za pamba, maana pamba hushika jasho, na ngozi iliyolowa ikisuguliwa hutoa malengelenge. Kata kucha za vidole vya miguu siku moja kabla. Na mahali popote unapohisi joto kiatuni, simama hapo hapo ubandike plasta. Ukisema utangoja hadi mapumziko, utaibandika juu ya lengelenge.

Swali: Nilipotea kwenye msitu mdogo ambao ukiutazama kwa nje huwezi kuamini mtu anapotea humo. Simu haikuwa na mtandao. Ningefanya nini?

Misitu midogo ndiyo inayopoteza watu, kwa sababu kwenye mkubwa mtu huingia kwa tahadhari. Majani makavu hufunika njia, wanyama nao hutengeneza vijia vyao vinavyofanana kabisa na vya watu hadi vinapoishia kichakani.

Ukihisi tu kwamba njia imebadilika, simama. Rudi kwa nyayo zako hadi mahali pa mwisho ulipokuwa na hakika. Wengi hawafanyi hivyo kwa sababu kurudi nyuma kunaonekana kama hasara, wakakata moja kwa moja kutafuta njia "itakuwa pale mbele". Hapo ndipo dakika kumi zinapogeuka saa mbili.

Kuhusu simu: kukosa mtandao si kukosa mahali ulipo. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti bila mtandao wowote. Kinachokosekana ni picha ya ramani, kwa hiyo ipakue ukiwa nyumbani. Chini ya miti iliyofungamana, au kwenye bonde jembamba, alama yako huweza kurukaruka kwa sababu mawimbi yanazibwa. Ngoja kidogo itulie, au sogea palipo wazi. Iweke simu kwenye hali ya ndege, maana kutafuta mtandao usiokuwepo humaliza betri upesi.

Beba pia filimbi. Ishara ya kuomba msaada milimani ni milio 6 ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unarudia. Anayekujibu hutoa milio 3. Sauti yako itakauka mapema kuliko filimbi.

Na kumbuka kwamba chini ya miti giza huingia kabla jua halijazama kule nje.

Swali: Njia ya kando ya mto si ndiyo salama kuliko zote? Ni tambarare na huwezi kupotea.

Ni tambarare, hilo kweli, nami ningempeleka huko mtu yeyote anayeanza. Ila nakuomba uutazame mto wenyewe. Unapopinda, maji hukimbia kwa nguvu upande wa nje wa kona na kuutafuna ukingo kwa chini. Ukiwa juu unaona nyasi nzuri za kukalia. Chini yake pako wazi. Nyufa zinazokwenda sambamba na mto ni onyo tosha. Upande wa ndani wa kona maji ni mapole na huacha mchanga na kokoto, basi pumzikia huko.

Pili, mvua inayojaza mto haihitaji kunyesha ulipo wewe. Ikinyesha juu huko, utakuwa umeketi kwenye jua huku maji yakigeuka rangi ya udongo, yakibeba matawi, sauti yake ikinenepa. Usingoje kuthibitisha. Panda juu.

Mkifika mahali ambapo njia imezama, msivuke ili tu mkamilishe mzunguko. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanatosha kumwangusha mtu mzima. Kijito kitulivu unaweza kukivuka pale kilipo kipana, maana kwa kawaida ndipo palipo na kina kidogo. Vaa viatu, legeza mikanda ya begi ili uweze kulivua ukianguka, na elekeza uso kule maji yanakotoka.

Jambo dogo kwa wanaofuata maelezo ya maandishi: ukingo wa kulia na wa kushoto huhesabiwa ukiwa umeelekea maji yanakokwenda. Anayetembea kupandisha mto asisahau kugeuza.

Swali: Maji ni maangavu mpaka unaona mawe chini. Naweza kunywa?

Hapana. Vijidudu havionekani. Yachemshe hadi yatokote kwa nguvu dakika moja, au dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Kwa matembezi ya nusu siku, beba tu ya nyumbani: nusu lita kwa kila saa, zaidi kukiwa na joto.

Swali: Njia inakatiza malisho ya ng'ombe, nami natembea na mbwa. Wanaanza kunifuata.

Wanamfuata mbwa, hasa wakiwa na ndama. Zunguka mbali, usipite kati ya ndama na mama yake, usikimbie. Mbwa mshike kwa kamba fupi, lakini wakikujia kwa kasi mwachie. Yeye atawashinda mbio, wewe hutawashinda.

Swali: Mume wangu hutembea mita 50 mbele, kisha hunisubiri. Nikifika tu, anaondoka. Anasema ananisubiri, kwa hiyo nisilalamike.

Anasubiri, ndiyo, na katika kusubiri anapumzika. Wewe unafika ukihema, naye ameshapoa, safari inaendelea. Kufikia saa ya pili yeye amepumzika mara nyingi na wewe hujapumzika hata mara moja, kisha anashangaa kwamba unazidi kuchelewa.

Mtembee wewe ukiwa mbele, yeye nyuma. Kasi inayofaa ni ile ambayo unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi, na mapumziko yaanze kuhesabiwa wa mwisho anapofika. Akisema mwendo huo unamchosha, yeye abebe maji ya wote wawili.