Maswali yenu: vitabu vya Kiajemi vya ngozi na picha

*Kile kipande cha ngozi kinachoning'inia pembeni kama mfuniko wa bahasha ni cha nini?*

Huo ni ulimi, mafundi ndo wanavyouita, na kazi yake sio urembo. Jalada la nyuma linaendelea, linafunika upande kurasa zinapofungukia, afu ncha inaingia chini ya jalada la mbele, basi vumbi halipiti na kona hazijikunji. Ngozi mara nyingi ni ya mbuzi, na chini yake ni makaratasi yaliyogandishwa tabaka kwa tabaka. Ila mi naanzaga kuangalia ndani: fundi kachukua ngozi nyembamba akaikata kwa kisu maua na majani mpaka ikabaki kama lesi, akailaza juu ya karatasi ya bluu au ya dhahabu, yaani kazi yote ile iko upande ambao anauona yule tu aliyefungua asome. Na neno letu jalada lina mzizi mmoja na jild ya Kiarabu, ngozi.

*Mbona bluu bado inawaka lakini kijani kimetoboa karatasi?*

Bluu ni jiwe la lapisi lazuli kutoka Badakhshan, Afghanistan, linasagwa na halichuji. Kijani kile ni kutu ya shaba, na shaba inakula karatasi taratibu. Wachoraji waliligundua hilo, wakawa wanachanganya na zafarani kuipunguza makali.

*Ni kweli kuna kimoja kilichanwachanwa?*

Kweli, na inaniuma mpaka leo. Shahnama, yaani utenzi wa wafalme wa Irani, nakala ya mfalme Shah Tahmasp, ilianza kutengenezwa mjini Tabriz, Irani, miaka ya 1520, karatasi 759, picha 258, mwaka 1568 ikapelekwa zawadi kwa Sultani Selim wa Pili wa Waturuki wa Osmani. Ikadumu nzima karne nne! Mmarekani Arthur Houghton akainunua 1959, akaifumua, picha 78 akalipa jumba la makumbusho la Metropolitan la New York, nyingine zikauzwa mojamoja. Mwaka 1994 Irani ilipata picha 118 kwa kubadilishana na mchoro wa de Kooning, mchoraji wa Marekani. Zilizobaki zimetawanyika, na hadithi haiwezi kufunuliwa tena ukurasa kwa ukurasa.

*Nina kitabu cha babu, ulimi umeachia. Nigundishe na supagluu?*

Hapana, tafadhali! Supagluu inakauka ngumu na ngozi inapasukia pembeni yake. Seloteipu pia usiweke, wala mafuta, wala kiwi ya viatu. Kifunge kwa utepe laini wa pamba, ulimi wake humohumo, kiweke kwenye boksi pakavu. Anayejua kukarabati vitabu vya kale atatumia gundi ya wanga wa ngano, ambayo kesho ikibidi inabanduka kwa maji.