Antena ya Masafa Mapana na Kero ya Wi-Fi

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni fundi wa vifaa vya elektroniki hapa Chake Chake. Nimetengeneza antena ndogo ya masafa mapana sana kwa ajili ya kifaa cha kupimia umbali, juu ya bodi ya FR4 (ile ya nyuzi za kioo na gundi ngumu). Inafanya kazi vizuri, lakini nikiiwasha karibu na ruta ya Wi-Fi ya duka la jirani, vipimo huyumba. Nitauondoaje udhia huu bila ya kuongeza chujio, maana nafasi sina?

Fundi, Pemba

JIBU: Waalaykumu ssalaam, ndugu yetu. Mwaka 2002 Marekani iliruhusu teknolojia hii ya masafa mapana sana itumie gigahetsi 3.1 hadi 10.6, na ndani ya ukanda huo Wi-Fi ilishajikalia, kati ya gigahetsi 5.15 na 5.825. Kwa kuwa kifaa chako hutakiwa kurusha mawimbi hafifu mno, anayeumia ni wewe zaidi kuliko jirani.

Dawa yake ni kuifanya antena yenyewe iwe kiziwi kwa masafa hayo. Katika bati la shaba, karibu na pale inapoingia njia ya kulishia, yaani ile inayoleta umeme wa mawimbi kwenye antena, toa mwanya mwembamba wenye umbo la herufi U, ambao urefu wake wote ukinyooshwa ni nusu ya wimbi. Kwa gigahetsi 5.5, yaani katikati ya ukanda wa Wi-Fi, nusu ya wimbi hewani ni milimita 27.3; lakini kwa kuwa wimbi hupita nusu hewani na nusu ndani ya bodi, hufupika; basi gawanya kwa 1.64, upate takriban milimita 16.6. Masafa hayo yakifika, mkondo hujikusanya kandokando ya mwanya, huku na huku ukipingana, na nguvu hurudi ilikotoka badala ya kurushwa. Masafa mengine hupita kama kawaida.

Hesabu hiyo ni ya kukisia tu, na kosa la nusu milimita huhamisha masafa kwa takriban gigahetsi 0.16. Kwa hiyo usitumie kisu, ambacho huteleza (wengi wetu tumeharibu bodi hivyo); unguza shaba kwa kemikali inayoila. Anza na milimita 16, pima, kisha refusha kidogo kidogo, kwani mwanya ukirefuka masafa hushuka. Ukipitiliza, ziba ncha kwa risasi ya kulehemu kidogo sana, upime tena.