Bahari Sebuleni: Maswali Yenu Kuhusu Tangi la Maji ya Chumvi

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: je, mtu anaweza kufuga matumbawe na samaki wa baharini nyumbani hapa Nairobi, karibu kilomita 500 kutoka pwani? Anaweza. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa ninayeishi South B, na tangi langu liko hapa sebuleni ninapoandika. Ila niseme mapema kwamba kazi ya tangi la aina hii ni kutunza maji. Hali ya maji ikiwa thabiti, samaki na matumbawe hawana madai makubwa.

Shikamoo shangazi. Nina tangi la kioo la sentimita 60 kwa 35 kwa 40 ambalo zamani lilikuwa na samaki wa dhahabu. Nataka kuligeuza liwe la matumbawe. Nianzie wapi, na je, maji ya bomba na chumvi ya jikoni vitafaa? – Msomaji, Kasarani

Marahaba mwanangu. Ukubwa huo unafaa. Ukishaweka mawe litabeba lita 75 hivi za maji. Chini ya lita 60 nisingekushauri uanze, kwa sababu maji machache huharibika haraka: samaki mmoja akifia nyuma ya jiwe usiku, kufikia asubuhi wote wako hatarini. Ila jiulize kwanza kama wale samaki wa dhahabu uliwahi kuwatibu kwa dawa yenye shaba. Shaba hung'ang'ania mawe na changarawe, na kiasi kidogo tu huua kamba, konokono na matumbawe. Kama uliwahi, au hukumbuki, tupa changarawe yote na filta ya zamani, osha kioo vizuri, halafu pima maji kwa kipimo cha shaba kabla hujaingiza kiumbe chochote.

Fikiria pia uzito. Lita 75 za maji ya chumvi ni kilo 77, bado hujahesabu kioo, mawe na mchanga. Meza ya runinga haikutengenezwa kwa mzigo huo. Mwambie fundi wa jua kali akuchomelee stendi ya chuma, uipake rangi ya kuzuia kutu, na uiweke mbali na dirisha lenye jua.

Maji ya bomba usiyatumie. Mengi ya hapa yanatoka bwawa la Ndakaini na hutiwa klorini, jambo jema kwetu tunaoyanywa lakini si kwa tangi. Mitaa mingine huchanganya na maji ya visima virefu, na visima vya Nairobi vinajulikana kwa floridi nyingi. Tafuta maji yaliyochujwa kwa mashine ya osmosisi, ile inayoyasukuma kupitia utando mwembamba sana. Siku hizi mitaani kuna maduka ya kujaza mitungi ya lita 20, lakini kabla ya kulipa omba wakupimie TDS, yaani kiasi cha vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji, mbele ya macho yako. Ikisoma chini ya 10, chukua. Ikiwa wanaongeza madini ili maji yawe na ladha, nenda duka jingine.

Chumvi ya jikoni hapana. Hiyo ni sodiamu na kloridi, pamoja na iodini kidogo ya kuongezwa. Katika chumvi ya bahari hizo mbili ni kama asilimia 85. Asilimia 15 iliyobaki ina magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vinginevyo, na humo ndimo tumbawe linamopata kitu cha kujengea mifupa yake. Nunua chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matumbawe. Ikoroge ndooni, kamwe usiimwage ndani ya tangi lenye viumbe, na uache pampu ndogo iizungushe usiku kucha. Asubuhi pima kwa rifraktomita, kifaa kidogo cha kupimia chumvi kwa mwanga: unatafuta gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji, ambayo kwenye kipimo husomeka 1.025 au 1.026. Rifraktomita yenyewe irekebishe kwa maji maalumu ya kupimia yenye chumvi ya 35, kwa sababu ukiirekebisha kwa maji yasiyo na chumvi inaweza kukudanganya pale pale unapoihitaji.

Kuhusu mawe, nina pendekezo la kipwani. Lile jiwe la matumbawe ya kale linalochimbwa nchi kavu kule Kilifi na Mombasa kwa ajili ya kujengea nyumba lina vitundu vingi ambamo bakteria hupenda kuishi. Chagua vipande vyepesi vyenye matundu, visugue kwa brashi, viloweke wiki kadhaa huku ukibadilisha maji, na upime fosfeti, ambayo hulisha mwani usioutaka, kabla ya kuvitumia.

Kisha ungoje. Hapa ndipo wengi huharibu. Tia punje chache za chakula cha samaki kila siku katika tangi tupu. Kitaoza na kutoa amonia. Kundi moja la bakteria litaigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi la pili litaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo si sumu kali kama zile mbili. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Bakteria wanaouzwa kwenye chupa huharakisha, lakini hawaondoi haja ya kupima. Siku amonia na nitriti zote zinaposoma sufuri, na ukiongeza chakula zinabaki sufuri, ndipo umwingize samaki wa kwanza. Mmoja tu.

Dada, hapa Rongai mwezi wa saba usiku maji yangu yalishuka hadi nyuzi 20, na wiki hiyohiyo stima ilipotea kwa muda wa saa sita. Samaki wawili walikufa. Nifanye nini isijirudie? – Msomaji, Rongai

Pole sana. Matumbawe hupenda nyuzi 25 hadi 26, na alfajiri ya Julai huku kwetu nje huweza kuwa 11 au 12. Kwa hiyo hita si anasa. Weka mbili ndogo za wati 50 badala ya moja kubwa ya wati 100: moja ikikwama ikiwa imewaka haitawachemsha viumbe, na ikifa, ya pili itashikilia joto hadi uamke. Uwe na kipimajoto kando, usiitegemee namba iliyoandikwa kwenye hita.

Kuhusu stima, nadhani samaki wako walikosa pumzi, hawakuuawa na baridi. Watu hukimbilia kulifunika tangi blanketi, na si vibaya, lakini joto hushuka polepole. Oksijeni ndiyo huisha kwanza. Tuko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, hewa yetu ni nyepesi, na maji ya hapa hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji yaleyale yangekuwa Mombasa. Isitoshe, maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko yasiyo na chumvi. Pampu ikisimama, maji ya juu hayapokei tena hewa na kuipeleka chini. Utawaona samaki wamepanda juu, matamvua yakipiga haraka, vinywa vimegusa uso wa maji.

Nunua pampu ya hewa ya betri, ile ambayo hujiwasha yenyewe stima inapokatika. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na samaki wawili. Kama huna, chukua jagi safi, chota maji ya tangi, inua shubiri moja na uyamimine yarudi ili yapige uso wa maji na kuingia na mapovu. Fanya hivyo dakika tano, pumzika, kisha rudia kila robo saa. Ni kazi ya kuchosha mkono, na huokoa maisha. Usiwalishe hadi stima irudi, maana chakula hula oksijeni mara mbili: samaki anapokisaga na mabaki yanapooza.

Vifaa vyote vipitie kwenye kinga ya stima, kwa sababu inaporudi huja na nguvu. Na kila waya uache ulegee chini ya soketi kabla haujapanda kuingia humo, ili tone linalotiririka juu yake lianguke sakafuni. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko ya bomba. Kama una watoto nyumbani, lifanye hili leo.

Kila mwisho wa mwezi narudi kutoka Mombasa kwa SGR. Naweza kubeba maji ya bahari nikaachana na chumvi ya dukani? – Msomaji, Syokimau

Unaweza, kwa masharti. Usichote Likoni wala kokote karibu na bandari. Usichote ndani ya hori za Tudor au Port Reitz, hasa wakati wa masika, mvua inapoteremsha maji matamu na taka za mji. Mwombe mvuvi akuchotee nje ya mwamba, maji yakiwa yanajaa. Yachuje, yaweke gizani katika mitungi isiyowahi kubeba mafuta wala sabuni, na upime chumvi kabla ya kutumia. Lakini mtungi wa lita 20 una zaidi ya kilo 20, na kujaza tangi unahitaji minne. Kwa kuanzia, chumvi ya dukani ni rahisi zaidi.

Mpwa wangu anafanya kazi Diani. Anasema wakati wa bamvua bahari ikipwa matumbawe yako wazi, na anaweza kunivunjia vipande vichache aniletee. Kuna ubaya? – Msomaji, Embakasi

Ndugu yangu, mwambie asivunje hata kimoja.

Katika hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, pamoja na Mombasa na Kisite, hakuna ruhusa ya kuondoa kitu. Matumbawe magumu pia yamo katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali. Lakini hata sheria isingekuwepo ningekujibu hivyohivyo. Tumbawe la duara hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Kile anachokiona mpwa wako kama jiwe la kubeba mkononi huenda kimechukua miaka zaidi ya kumi. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi wakati wa El Niño, matumbawe ya pwani yetu yalipauka na mengi yakafa. Niliyaona ya Nyali nikiwa kwenye ngalawa ya babu: mwamba mweupe chini ya maji maangavu, na samaki wachache mno. Yaliyorudi tangu hapo yamerudi kwa shida. Kule Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe walitenga sehemu ya bahari yao wasiivue, wanaiita tengefu, na samaki wameongezeka. Watu wanaokula kwa kuvua wamekubali kujinyima. Sisi wa sebuleni tunaweza kungoja kipandikizi.

Maana vipandikizi vipo. Mwenye tangi lililokomaa hukata ncha ya tumbawe laini, akaigandisha kwenye kijiwe, ikaota. Anza na hayo: tumbawe la ngozi, au yale bapa yanayofanana na uyoga. Hayahitaji taa kali na husamehe makosa madogo. Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo mno unaotumia mwanga kutengeneza sukari inayolilisha tumbawe, ndiyo sababu taa ya bluu na nyeupe kwa saa nane hadi kumi ni chakula chake. Ukiletewa zoanthidi, yale yenye vitufe vya rangi kali, vaa glavu na miwani ya kinga. Baadhi yana palitoksini, sumu kali sana, na mawe yake hayachemshwi wala kumwagiwa maji moto kamwe.

Mara nyingi kipandikizi huja na wageni. Siku chache baadaye zima taa, mulika kioo kwa tochi, utaona vijidudu vyeupe vidogo kuliko ufuta vikikimbia huku na huku. Hao ni kopepodi. Wanasafisha, na samaki huwala. Wafurahie.

Binti yangu anataka yule samaki wa buluu mwenye mkia wa njano. Tangi letu ni lita 80. – Msomaji, Umoja

Hapana, mama. Huyo hufika sentimita 30 na ni muogeleaji wa mbali. Tangi lako litakuwa jela. Mpe jozi ya wale wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, na usisitize wawe waliozaliwa tangini. Hawahitaji anemoni, yule kiumbe wa baharini mwenye minyiri wanamojificha, ili waishi. Ongeza kamba msafishaji na konokono watano au sita, basi.

Wiki ya tatu, mchanga na mawe vimefunikwa vumbi la kahawia. Nimwage maji yote nianze upya? – Msomaji, Nairobi West

La. Hizo ni diatomu, mwani mdogo mno wa kahawia, hutokea karibu katika kila tangi jipya na huisha zenyewe. Futa kioo, endelea kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, na tumia maji yaliyochujwa vizuri, TDS iwe karibu na sufuri.

Desemba tunaenda ushago wiki mbili. Nani atalea tangi? – Msomaji, Buruburu

Jirani mwaminifu anatosha, ukimpunguzia kazi. Samaki wazima wanaweza kukaa siku kadhaa bila kula, kwa hiyo hatari kubwa si njaa. Maji huvukizwa na chumvi hubaki. Tangi la lita 75 likipoteza lita moja kwa siku, kwa wiki mbili zimeondoka 14, na chumvi iliyokuwa 35 imefika 43. Hakuna tumbawe litakalovumilia hilo.

Bandika kipande cha selotepu kwenye kioo pale maji yanapoishia leo. Mwachie mitungi ya maji yaliyochujwa, yasiyo na chumvi, na umwonyeshe kwa mikono yako mwenyewe jinsi ya kujazia polepole hadi kwenye alama, kila asubuhi. Chakula kigawe katika karatasi ndogo, moja ya kila siku ya pili, na kopo lenyewe lifiche, kwa sababu mgeni akiwaona samaki wamekuja kiooni hudhani wana njaa. Taa iwe kwenye saa ya kujizima. Badilisha maji siku mbili kabla ya safari, si asubuhi ya safari, ili kama kuna kitu kimekwenda mrama ukione ukiwa bado nyumbani. Na tokeni za stima nunua za kutosha kabla hamjapanda basi.