Sensa ya mafuta kwenye ndege ndogo, nitie au niache?

Kijana mmoja wa Chake, Pemba, anarusha Cessna ya mjomba wake, kaniuliza wiki ilopita kama atie sensa ya mafuta (kidude cha kupima mafuta yanayokwenda kwenye injini) au hizo pesa azipeleke pengine. Nikamwambia ntakuandikia, maana kwa simu bando litakwisha na mie sijafika nusu. Haya jibu ndo hili, na wengine mnaweza kusoma.

Mjue kwanza nazungumzia ndege gani. Yetu ni Cessna 182 ya miaka ya sabini, tunaimiliki watu watatu, injini ya Continental O-470 ya kabureta, mafuta yanashuka yenyewe kutoka kwenye mbawa bila pampu, na matangi yake si ya bati, ni mifuko ya mpira ilolazwa ndani ya bawa. Hiyo mifuko iwekeni akilini, ntairudia.

Sensa yenyewe ni kidude kinachoenea kiganjani. Ndani mna kigurudumu chenye mapezi, mafuta yakipita kinazunguka, na kuna kitaa kinahesabu mizunguko, basi kwenye dashbodi unaona injini inakula lita ngapi kwa saa na zimebaki ngapi. Sasa hiyo "zimebaki" ndo inowadanganya watu. Skrini ikisema zimebaki 80 mtu anadhani imechungulia tangini, kumbe wapi! Wewe ndo uloiambia asubuhi zimo 120, yenyewe kazi yake kutoa tu. Ukiiambia uongo asubuhi, jioni inakurudishia uongo ule ule, tena wenye desimali.

Sasa kwa nini sie tulitia. Kisauni, kiwanja cha ndege cha Unguja, mpaka Pemba ni kama maili 68 za baharini, nusu saa na ushee, na matangi yetu yanachukua lita kama 210 za kutumika, kwa hesabu hiyo mtu atasema jaza tangi uende zako, sensa ya nini. Sawa, kama unaruka peke yako. Ukiwa na watu wanne na mizigo yao (na anaerudi Pemba harudi mikono mitupu, wallahi nshapakia ndizi mpaka kiti cha nyuma hakionekani) hujazi tangi, uzito haukuruhusu. Unatia lita 110, unakwenda na kurudi, kwa sababu avgas, petroli ya ndege ndogo, si kitu cha kukikuta kila kiwanja, Jet A-1 ya ndege za wakubwa ndo ipo na hiyo kwenye injini ya petroli kama yetu ni sumu. Ukianza kuruka na tangi nusu ndo unahitaji kujua injini yako inakula nini khasa, si ilivyoandikwa kitabuni.

Mie miaka yote nilikuwa nahesabu lita 50 kwa saa. Siku ya kwanza na sensa, futi 2,500 juu ya Nungwi, naangalia skrini inasema 58! Nikajua imeharibika. Haikuharibika, mie ndo nilikuwa sivuti mikscha (mkono wa kupunguza mafuta yanayochanganyika na hewa), nilifundishwa zamani kwamba chini ya futi 3,000 usiiguse na nikaishi nayo hivo hivo. Nikavuta pole pole huku naisikiliza injini na jicho kwenye geji ya joto, 56, 54, ikatulia 51. Lita nane kwa saa, kati ya 50 yangu na 58 ya kweli, unaziona ndogo lakini kwenda na kurudi Pemba pamoja na kuzunguka chini ni saa na dakika 20 hivi, hapo ni lita kama 11, karibu dakika 12 za kuwa hewani. Na akiba yako ya mchana kisheria ni dakika 30. Kwa hiyo kumbe miaka yote nilikuwa naila akiba yangu bila kujua, na kaskazi ikiwa usoni wakati wa kwenda ndo zaidi. Kwa hilo tu mie nasema pesa imerudi.

Lakini sasa nisikilize hapa. Mwezi wa pili tokea tutie tumetua Pemba, skrini inasema zimebaki lita 78, abiria washapandisha presha ya kurudi. Fundi wetu, mzee wangu huyo namwita ami, siku ile ile tulipotia alishanambia, "Mwanangu, tia kijiti kwanza, hiyo tivii yako utaitazama baadae." Nikapanda ngazi, jua la saa saba linachoma, nikafungua tangi la kulia nikachovya kijiti, kusoma lazima haraka maana avgas inakauka kwenye mti kabla hujavaa miwani, 38. Sawa. La kushoto, 15. Nikachovya tena nikidhani nimekosea. 15. Jumla 53, wapi na 78!

Nyuma ya mfuniko wa kushoto bawa lilikuwa na michirizi ya buluu kama mtu kamwaga wino. Mpira wa mfuniko umekufa, hewa inayopita juu ya bawa inayanyonya mafuta yanatoka nje safari nzima, na sensa haijui chochote kwa sababu mafuta yale hayakupita kwake. Na geji ya kushoto? Ilikuwa inasoma tele! Ule mnyonyo unauinua mfuko wa mpira kwa ndani, boya linapanda nao, geji inakwambia mambo mazuri. Abiria walirudi na boti wakininunia, mie nikalala Chake siku mbili nasubiri mafuta na kijimpira ambacho ukikitia mfukoni hukisikii.

Ukiamua kutia, mambo ya fundi ni haya. Waya zitazame juu ili mapovu yasikae ndani, hozi ziingie na kutoka zimenyooka, mbali na egzosi, na asizungushe ile tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye nyuzi za maungio, kipande kikikatika kinakwenda kukwama kwenye kigurudumu. Kwa ndege kama yetu isiyo na pampu, baada ya kufunga lazima mpime mafuta yanayofika kwenye kabureta pua ikiwa juu kama unapaa, yawe asilimia 150 ya inachokula injini wakati wa kupaa, ukikosa hapo ng'oa. Injini za Rotax zenye bomba la kurudisha mafuta tangini ni hesabu nyengine, sensa moja ikikaa kabla ya hilo bomba itahesabu na yanayorudi. Na karatasi usiziruke, kuna STC (kibali cha kubadilisha kitu kwenye ndege), kuna TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania), kuna kuandika kwenye logbuku, daftari la ndege. Sie ilitutoka zaidi ya dola 2,000 mpaka ndege inatoka hanga, na kifaa chenyewe hakikufika nusu yake.

Halafu usiiamini mpaka uirekebishe. Yetu ilisema tumechoma lita 92, pampu ikatia 97 kufikia pale pale. Unachukua ile namba ya K uliyoikuta kwenye skrini (ndo inogeuza mizunguko ya sensa kuwa lita), unazidisha kwa 92 unagawa kwa 97, unaruka tena unajaza tena, mara tatu nne, ndege imesimama pahala pale pale pasipo na mteremko. Na angalia skrini iko kwenye lita au galoni, 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa kuchanganya pauni na kilo, na wale walikuwa watu wa kazi.

Kijana wangu wa Chake nlimuuliza kijiti chake kimepimwa vipi, akanambia alikikuta na ndege. Basi jibu lake hilo. Amwage tangi lote, atie lita 20 mara moja moja huku anachora alama kwenye mti, anunue mipira ya mifuniko yote miwili, na habari ya sensa anipigie tena kaskazi ikimaliza.