Kuuza STI ya 2006 ili kununua WRX S4

Ndugu, umeuliza kama uuze Subaru Impreza WRX STI yako ya 2006, iliyotoka Japani, ili ununue WRX S4 ya 2022. Ukiangalia nguvu peke yake, hutapata nyongeza, kwa sababu injini yako ya lita 2.0 ilitoka kiwandani na nguvu farasi 280, ilhali ile mpya ya lita 2.4 ina 275, ingawa huvuta vizuri zaidi kwenye mizunguko ya chini. Linalonizuia mimi ni gia: S4 ya 2022 iliuzwa Japani ikiwa na CVT tu (gia ya otomatiki isiyo na hatua), na aliyezoea gia sita za mkono ataikumbuka klachi yake hata kwenye foleni.

Kabla ya kuamua, mwambie fundi apime kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya silinda zote nne na aangalie mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Silinda zikilingana na bodi haina kutu, ibakize, ubadilishe shokapu na bushi. Moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, iuze mapema, tena umweleze mnunuzi ukweli.