Gari linatetemeka mwendo wa kati: oili ya gia au silinda zinazolala? Maswali na majibu

Maswali ya safari hii yanazunguka mambo mawili ambayo madereva wengi huyachanganya: oili ya giaboksi ya otomatiki, na mfumo unaolaza baadhi ya silinda gari likiwa na mzigo mdogo ili kuokoa petroli. Honda huuita mfumo huo VCM, General Motors AFM (toleo jipya ni DFM), na Chrysler MDS.

Swali: Nina Honda ya V6. Nikiwa kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, mguu mwepesi, gari linatetemeka kama linapita juu ya bati la migongo. Fundi mmoja anasema nibadilishe oili ya gia, mwingine anasema nizime VCM. Nimsikilize yupi?

Kabla ya kumsikiliza yeyote, pima. Dalili zinafanana kwa sababu mambo mawili tofauti hutokea kwenye mwendo uleule. Ukishatulia barabarani, konveta (kile kikombe kikubwa cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi) hujifunga kwa klachi yake ya ndani ili isiteleze. Oili ikichoka, klachi hiyo inashika na kuachia, inashika na kuachia, mara nyingi ndani ya sekunde moja, na wewe unahisi bati la migongo. Wakati huohuo kompyuta inaona injini haina kazi kubwa na kulaza silinda tatu. Tatu zilizobaki zinapiga mapigo machache na mazito zaidi, na mtetemo wake ni wa chini, wa kunguruma, unaopanda kwenye kiti na usukani.

Kipimo cha kwanza ni taa ya kijani ya ECO kwenye dashibodi. Kwenye Honda nyingi za V6 huwaka pale silinda zinapolala. Mtetemo ukianza na kuisha pamoja na taa, mshukiwa ni VCM. Kipimo cha pili: tetemeko likiwepo, na nyuma yako hakuna gari, shikilia petroli palepale huku mguu wa kushoto ukigusa breki kidogo tu, kiasi cha kuwasha taa za nyuma. Konveta itajifungua na mizunguko ya injini itapanda kidogo. Tetemeko likikatika papo hapo huku ECO haijabadilika, klachi ya konveta ndiyo inayolia. ECO ikizimika pamoja na tetemeko, kipimo hicho hakijakuambia kitu, rudia.

Ukiwa na kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, tazama tofauti ya mizunguko kati ya injini na giaboksi. Konveta iliyojifunga vizuri huonyesha tofauti ndogo iliyotulia. Ikicheza juu na chini kila unapohisi bati, umepata jibu. Angalia pia kodi za P0301 hadi P0306. Hizo ni silinda zinazokosa moto, na hapo unaanzia kwenye plagi, giaboksi haihusiki.

Ukishindwa kuamua, anza na oili. Huenda ilikuwa inadaiwa hata hivyo, na haikufungi kwenye uamuzi wowote.

Swali: Niliambiwa oili ya giaboksi ni ya maisha yote ya gari. Ni kweli?

Maisha ya nani? Oili hiyo inapoza, inalainisha, inapeleka presha kwenye valvu na inaamua klachi zishike vipi. Kazi hiyo ya mwisho inategemea viungo vinavyokwisha kwa joto. Kila kilomita 50,000 hadi 60,000 ni kipimo cha busara kwa matumizi ya kawaida, na kila 40,000 kwa gari linalovuta trela au kupanda milima mara kwa mara. Kitabu cha gari kikisema mapema zaidi, fuata kitabu.

Swali: Nilibadilisha oili ya gia mwezi uliopita, lakini ukichomoa dipstiki bado ni ya kahawia. Niliibiwa?

Huenda hapana. Ukifungua bolti ya chini unapata oili iliyoko kwenye sampo (beseni la chini ya giaboksi) tu. Nyingine imebaki ndani ya konveta, kwenye mabomba na kwenye kipozeo. Chukua giaboksi yenye lita 7 inayotoa lita 3 kila ukimwaga. Mara ya kwanza oili mpya ni asilimia 43 tu. Ukirudia inafika 67, ya tatu 81. Ndiyo maana kwa oili iliyochoka tunashauri kumwaga mara tatu, na baada ya hapo mara moja moja kwa ratiba.

Kwenye Honda za V6 zenye gia tano au sita kazi inakwenda hivi. Pasha gari kwa mwendo wa dakika kumi, liweke mahali tambarare, na ukiliinua lipandishe kwenye stendi nne ili libaki sawasawa. Jeki peke yake haitoshi, na usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki. Fungua kwanza tundu la kujazia, ndipo ufungue la kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu bolti ya juu ikagoma, una gari lisiloweza kutembea. Bolti ya kumwagia ina shimo la mraba linaloingia moja kwa moja mkono wa racheti ya inchi 3/8, bila soketi.

Oili ikitoka, ipime. Hapa ndipo wengi hukosea: wanamwaga kwenye beseni lolote, kisha wanajaza kwa kukisia. Tumia chupa zenye alama za lita, kwa sababu kiasi kilichotoka ndicho kitakachorudi, maadamu kiwango cha awali kilikuwa sahihi. Futa sumaku iliyo kwenye bolti. Ute wa kijivu kama rangi ya penseli ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida. Weka washa (pete ya kuziba ya bolti) mpya, kaza Newtoni-mita 49, jaza kupitia faneli yenye mpira mwembamba.

Washa injini, kanyaga breki, pitisha gia P, R, N, D, kila moja sekunde chache, kisha endesha hadi gia zote ziingie. Rudi, mwaga tena. Si lazima raundi tatu ziwe siku moja. Ukiacha wiki moja kati yake hakuna kinachoharibika.

Kupima kiwango kwenye Honda hizi: injini imepata moto hadi feni ya rejeta iwake, zima, kisha chomoa dipstiki ndani ya sekunde 60 hadi 90. Toyota zenye dipstiki hupimwa injini ikiwa inanguruma. Ukichanganya taratibu hizi mbili utajaza kupita kiasi au pungufu. Oili ikizidi hupigwa na gia hadi itoe povu, ikipungua pampu inavuta hewa, na kwa vyovyote klachi zinakosa presha. Giaboksi zisizo na dipstiki hupimwa kwa bolti ya kufurikia oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na kiwanda. Hapo bila kifaa cha kusoma joto la oili unabahatisha.

Swali: Gari lina kilomita 220,000 na oili haijawahi kuguswa. Wanasema nikiibadilisha giaboksi itakufa.

Nyingi zinazokufa baada ya kubadilishiwa zilikuwa zimeshakufa. Mwenyewe alikimbilia oili gia zilipoanza kuteleza. Klachi iliyokwisha hushikiliwa na uchafu wa oili ya zamani, na ukiuondoa ukweli unajitokeza. Kama gia zinaingia vizuri na oili ni ya kahawia tu, badilisha kwa kumwaga, raundi moja moja, ukiacha kilomita mia kadhaa katikati. Usikubali mashine ya kusukuma kwa presha kwenye giaboksi ya umri huo: inang'oa uchafu uliokuwa umetulia na kuupeleka kwenye valvu ndogo. Oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, nayo gia zinateleza, weka fedha zako kwa ajili ya giaboksi. Na ikiwa ya pinki kama maziwa, usiendeshe. Hayo ni maji ya rejeta yaliyoingia kwenye oili kupitia kipozeo, na gundi ya klachi haiyastahimili.

Swali: Duka linauza oili ya "magari yote". Naweza kutumia?

Soma kwanza jina la oili kwenye kitabu, si picha ya gari kwenye chupa. Honda za gia tano na sita hutumia ATF (yaani oili ya giaboksi ya otomatiki) DW-1, iliyochukua nafasi ya Z1. Za gia tisa zinataka Type 3.1, za gia kumi Type 2.0, na CVT zao (giaboksi za mkanda na pulei, zisizo na gia za hatua) HCF-2. Honda Pilot ya kuanzia 2016 iliuzwa na gia sita au tisa kwa bodi ileile, kwa hiyo umbo la gari halikuambii kitu. CVT ndiyo isiyosamehe kabisa: mkanda wake wa chuma unashika pulei kwa msuguano wa oili maalumu, na ATF ya kawaida inauacha uteleze hadi uchimbe pulei.

Aina ya oili inaweza kuwa ndiyo dawa yenyewe. General Motors ilipopambana na tetemeko la giaboksi zake za gia nane, 8L45 na 8L90, chanzo kilikuwa oili iliyonyonya unyevu, na suluhisho likawa kuisafisha yote na kuweka Mobil 1 Synthetic LV ATF HP.

Swali: Nimepima, tatizo ni VCM. Inazimwaje?

Honda huruhusu silinda kulala pale tu injini inapokuwa imepata moto, takriban nyuzi 75. Njia inayotumika sana ni kuifanya kompyuta iamini injini haijafika hapo. Sensa ya joto la maji hupunguza ukinzani kadiri joto linavyopanda, hivyo rizista ndogo ikiunganishwa kwa mfululizo kwenye waya wake huongeza ukinzani, na kompyuta husoma joto la chini. Tuseme sensa iko omu 300 kwenye nyuzi 80. Rizista ya omu 82 inashusha usomaji kwa nyuzi kama 8 au 9. Vifaa vya kuchomeka kama VCMuzzler hufanya hivyo bila kukata waya. S-VCM ni kisasa zaidi: huiacha sensa kama ilivyo wakati wa kupasha, kisha huingilia karibu na nyuzi 75.

Funga injini ikiwa baridi. Tafuta sensa ya kwanza ya joto (ECT1), ambayo ipo kwenye mfereji wa maji upande wa giaboksi. Usiichanganye na ile ya rejeta inayoendesha feni. Chomoa soketi yake, ingiza kifaa katikati, funga waya mbali na sehemu za moto. Anza na rizista ndogo, endesha dakika 30, soma joto. Ukiona ECO bado inawaka, panda hatua moja. Ukipanda kupita kiasi utapata taa ya injini na kodi P0128, kompyuta ikidhani thamostati imekwama wazi, na petroli itatumika zaidi.

Kuna hatari moja ambayo wauzaji hawaitaji sana. Kadiri injini inavyozidi joto, ukinzani wa sensa unashuka, lakini omu 82 zako hazibadiliki. Udanganyifu unakua. Maji yakichemka kweli, kompyuta na geji huweza kuonyesha joto la chini kwa nyuzi 15 au zaidi kuliko lilivyo, na onyo litachelewa. Kwa hiyo anayefunga rizista anakagua maji ya rejeta kila wiki, na haahirishi uvujaji wowote.

Swali: Kuzima VCM kutaponya injini inayokula oili?

Kutazuia hali isizidi, lakini ringi za pistoni zilizoganda hazifunguki kwa rizista. Kwenye silinda inayolala valvu zimefungwa, oili inapenya kupita ringi, na ikiamka inalowesha plagi. Ndiyo maana plagi chafu hukutwa zaidi kwenye silinda 1, 2 na 3, zilizo nyuma karibu na kabati ya abiria, na ya 4 kwenye matoleo yanayoweza kubaki na silinda nne. Badilisha plagi kwanza, zima mfumo, kisha pima oili kila kilomita 1,000 na uandike.

Swali: Na V8 za General Motors (GM) na HEMI za Chrysler?

Humo zinazolala ni silinda 1, 4, 6 na 7, kwa AFM na MDS. Lifta zake (vipande vinavyosukuma valvu) zina pini inayoachia kwa presha ya oili, na pini hiyo ikikwama lifta inakula kamshafti. Jaribu la bure: kwenye nyingi, ukiweka gia ya mkono na kuzuia ile ya juu kabisa, silinda zote zinabaki macho. Ukipenda matokeo, kuna kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD (ile ya kusomea kompyuta ya gari), lakini kinanyonya betri gari likisimama wiki kadhaa, kichomoe. Ukisikia tayari mlio wa tik-tik usioisha injini ikipata moto, pamoja na silinda moja ya hizo nne kukosa moto, kifaa hakisaidii. Zima injini, ivutwe kwa fundi.

Swali: Nimebadilisha oili mara tatu na kuzima VCM, ECO haiwaki kamwe. Bado linatetemeka taa nyekundu ikinisimamisha.

Sasa angalia mauntingi za injini (vishikizi vinavyoibeba kwenye bodi). Honda zenye VCM zina mauntingi za umeme zenye majimaji ndani, zilizoundwa kumeza mtetemo wa silinda tatu, na zikipasuka hazimezi hata wa sita. Tafuta michirizi ya majimaji meusi chini ya mauntingi ya mbele na ya nyuma. Kisha fungua boneti, mtu mwingine akanyage breki kwa nguvu na kubadilisha D kwenda R injini ikiwa inanguruma bila kukanyagiwa petroli. Injini ikiruka au kugonga badala ya kuinama kidogo na kurudi, mauntingi imekwisha. Zibadilishe mbele na nyuma pamoja, kwani mpya moja ikibeba kazi ya mbili hukwisha upesi.